Alama ya kutoa inayopotosha njia za ubongo

Chukua seti ya picha za MRI za ubongo, zile zinazopima jinsi maji yanavyosambaa ndani ya tishu. Pamoja na picha zenyewe utapewa faili dogo la maandishi, mistari mitatu tu ya namba, ambalo kwa kawaida jina lake linaishia na bvec. Lifungue. Nenda kwenye mstari wa kwanza, geuza alama za namba zote: chanya iwe hasi, hasi iwe chanya. Hifadhi, kisha chakata picha upya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Programu haitalalamika. Ramani zitatoka, na zitatoka nzuri. Ramani ya FA, ile ambayo kila mwanafunzi wa fani hii huiweka kwenye tasnifu yake, itakuwa ileile. Ramani ya wastani wa mtawanyiko, ileile. Hata ile ramani maridadi ya nyekundu, kijani na bluu itakuwa ileile kabisa. Ila ukianza kuchora njia za nyuzi za neva, zile kamba ndefu zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine, zitakwenda kusiko. Nyingine zitakatika katikati. Nyingine zitapita mahali ambapo katika ubongo halisi hakuna njia.

Kosa la namna hii ni baya kwa sababu limejificha mahali ambapo kila mtu anaangalia. Makala haya yanaeleza linatoka wapi, kwa nini ramani za kawaida haziwezi kulifichua, na wewe utalinasaje kabla hujamwonyesha mtu matokeo. (Tahadhari ya lugha: pembe nitazitaja kwa digrii. Neno "nyuzi" hapa litakuwa la nyuzi za neva pekee, tusije tukachanganyikiwa.)

Paredi ya protoni

Shuleni tuliita difyusheni: tone la wino kwenye glasi ya maji linasambaa lenyewe bila mtu kukoroga. Mimi nitaita mtawanyiko. Molekuli za maji hazitulii, zinagongana na kusukumana muda wote. Kwa joto la mwili, maji yaliyo huru husogea takriban mikromita 17 katika mwelekeo mmoja ndani ya milisekunde 50. Ni umbali mdogo mno. Vokseli moja ya picha hizi, yaani kile kijichemraba kidogo kinachounda picha, mara nyingi ina upana wa milimita 2, zaidi ya mara mia ya umbali huo. Sasa mashine inauonaje mwendo mdogo kiasi hicho?

Fikiria uwanja wa shule wakati wa paredi ya asubuhi. Wanafunzi mia moja wamejipanga mstari mmoja, kila mmoja amekanyaga alama yenye namba, kuanzia 1 hadi 100, na wote wanautazama mlingoti wa bendera. Mwalimu wa zamu anatoa amri: kila mtu ageuke kulia kwa digrii sawa na namba anayoikanyaga. Wa kwanza anageuka digrii 1, wa hamsini digrii 50. Inapita dakika moja. Inakuja amri ya pili: kila mtu ageuke kushoto kwa digrii sawa na namba anayoikanyaga sasa hivi. Kama hakuna aliyesogea, wote wanarudi kuutazama mlingoti, na wakiitika kwa pamoja sauti inakwenda upande mmoja, kubwa. Lakini kama katika ile dakika wamesukumana, yule aliyekuwa kwenye 50 akajikuta kwenye 57, basi amegeuka kulia 50 na kushoto 57. Hatazami tena mlingoti. Kadiri waliosogea walivyo wengi, ndivyo sauti ya pamoja inavyofifia.

Wanafunzi hao ni protoni za haidrojeni zilizomo kwenye maji. Amri mbili ni mipigo miwili ya gradienti, yaani nguvu ya sumaku ya ziada inayopanda kidogo kidogo kuelekea upande mmoja wa mashine. Mbinu hii ya mipigo miwili ilielezwa na Stejskal na Tanner mwaka 1965, miaka mingi kabla mtu hajapigwa picha ya ubongo kwa MRI, na ndiyo tunayotumia mpaka leo.

Rudi kidogo uwanjani, maana mambo mawili pale ndiyo yanayobeba makala yote. La kwanza: namba zimepangwa mashariki–magharibi. Mwanafunzi akipiga hatua kuelekea mbele au nyuma, anabaki usawa wa namba ileile na hakuna kinachobadilika. Kwa hiyo mpango huu unaona mwendo wa mashariki–magharibi tu. Ukitaka kuona mwendo wa mbele–nyuma, lazima upange namba upande huo na urudie zoezi. La pili: haijalishi umeanza kuhesabu kutoka mashariki au kutoka magharibi. Sauti itafifia kwa kiwango kilekile. Gradienti inayoelekea kulia na ile inayoelekea kushoto zinapima kitu kimoja.

Kutoka ishara hadi mwelekeo

Sehemu nyeupe ya ubongo imejaa aksoni, nyuzi ndefu zilizolala pamoja kama mafungu ya ukindu. Maji hutembea kwa urahisi kufuata urefu wa nyuzi, na hupata shida kukatiza. Tuchukue namba za kawaida: kufuata nyuzi, kasi ya mtawanyiko ni kama 0.0017 mm² kwa sekunde. Kukatiza nyuzi, kama 0.0003. Ukali wa kipimo chenyewe hufupishwa kwa namba moja iitwayo b, inayojumuisha nguvu ya gradienti, muda wa kila mpigo na nafasi kati ya mipigo. Kwa b ya 1000, gradienti inayofuata nyuzi hubakiza karibu asilimia 18 tu ya ishara. Inayokatiza nyuzi hubakiza karibu asilimia 74. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo inayotuambia nyuzi zimelala upande gani.

Mwaka 1994 Basser, Mattiello na Le Bihan walionyesha namna ya kuunganisha vipimo vya pande mbalimbali kuwa umbo moja kwa kila vokseli. Wanahisabati wanaliita tensa. Wewe lifikirie kama yai: lina urefu, lina unene, na limelala upande fulani. Tensa inahitaji namba sita, kwa hiyo unahitaji angalau pande sita za gradienti na picha moja isiyo na gradienti ya mtawanyiko. Siku hizi watu hupima pande 30, 60 au zaidi, ili kelele ipungue na ili waweze kutumia mbinu zilizo bora kuliko tensa.

Na hapa ndipo lile faili dogo linapoingia. Picha yenyewe haijui ilipigwa kwa gradienti ya upande gani. Ni picha ya ubongo tu, yenye sehemu nyeusi hapa na nyeupe pale. Faili la bvec ndilo linalosema: picha ya kwanza, gradienti hakuna, picha ya pili, 0.6, −0.8, 0, picha ya tatu, upande mwingine, na kuendelea. Mstari wa kwanza ni x, wa pili y, wa tatu z. Mwenzake, faili la bval, linasema b ilikuwa ngapi kwa kila picha. Programu inaamini kile kilichoandikwa humo, haina njia nyingine.

Kwa nini ramani zinanyamaza

Simamisha yai mbele ya kioo, limeinama kulia. Kwenye kioo utaliona limeinama kushoto. Je, limerefuka? Limenenepa? Hapana, umbo ni lilelile. Kilichobadilika ni upande lilikoinama.

Kugeuza alama za mstari mzima wa bvec ni kuweka kioo mbele ya kila yai, lakini ubongo wenyewe hukuuweka kwenye kioo. Kila vokseli inabaki mahali pake, ila yai lililo ndani yake limeinama kinyume. Sasa FA ni kipimo cha umbo, yaani yai ni refu au la duara kiasi gani. Wastani wa mtawanyiko ni kipimo cha ukubwa wake. Vyote viwili havijali limeinama wapi. Ndiyo maana ramani zao hazibadiliki.

Ramani ya rangi ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu yenyewe inaonyesha mwelekeo, si ndiyo? Nyekundu ni kulia–kushoto, kijani ni mbele–nyuma, bluu ni juu–chini. Lakini rangi haiwezi kuwa hasi. Kwa hiyo programu hutupa alama na kuchukua ukubwa wa namba peke yake. Nyuzi zilizoinama digrii 30 kulia na nyuzi zilizoinama digrii 30 kushoto zinapata mchanganyiko uleule wa nyekundu na bluu. Ramani ya rangi itakuonyesha kama x na y zimebadilishana nafasi, maana hapo nyekundu itakaa penye kijani. Alama iliyogeuka haitakuonyesha, hata uikodolee macho siku nzima.

Ukubwa wa kosa nao unategemea mahali. Nyuzi zilizolala sawasawa na mhimili haziguswi. Katikati ya korpasi kalosamu, lile daraja kubwa linalounganisha nusu mbili za ubongo, nyuzi zinakwenda kulia–kushoto moja kwa moja, na kugeuza x hakuzidhuru. Lakini nyuzi zilizoinama kwa pembe fulani kutoka kwenye mhimili zinakosewa kwa mara mbili ya pembe hiyo. Digrii 10 zinakuwa kosa la digrii 20. Digrii 30 zinakuwa 60. Digrii 45 ndiyo mbaya kuliko zote, maana kosa linafika 90: programu inachora njia inayokatiza nyuzi badala ya kuzifuata.

Tuone maana yake kwa mgonjwa. Njia inayoshuka kutoka sehemu ya ubongo inayoamrisha misuli hadi uti wa mgongo hupita karibu wima inapoteremka ndani ya ubongo. Nyuzi za mguu zinaanzia juu, karibu na katikati, kwa hiyo hazijainama sana. Nyuzi za mkono na za uso zinaanzia pembeni, zinashuka zikiwa zimeinama. Alama ya x ikigeuka, nyuzi za mguu zitachorwa karibu sawa. Zile za mkono zitaonekana zinaegemea upande usio wake, na programu, ambayo kwa kawaida hukataa kona kali, itakata njia na kuiacha. Daktari wa upasuaji anayetaka kutoa uvimbe ulio jirani na hapo ataona picha yenye njia moja safi, na nafasi tupu pembeni. Ile nafasi si tupu.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba hata mipangilio ikiwa sahihi, tensa huzikosa nyuzi nyingi za mkono na uso, kwa sababu pale zinapishana na mafungu mengine na yai moja haliwezi kuelekea pande mbili. Kwa hiyo mtu akiona nyuzi za pembeni hazipo, ana kisingizio tayari: "ni tatizo la kupishana." Huenda ni kweli. Huenda ni alama ya kutoa.

Kwa haki, si kila matumizi yanadhurika. Picha za mtawanyiko zinazotumika hospitalini kutambua kiharusi cha ghafla zinaangalia wastani wa pande zote, na wastani haujali alama. Tangu Moseley na wenzake walipoonyesha kwa paka mwaka 1990 kwamba mtawanyiko hupungua mapema sana damu ikikosekana, matumizi hayo yameokoa wengi, na hayana haja ya kuwa na wasiwasi na bvec. Na mgonjwa akichakatiwa picha kwenye kompyuta ileile ya mtengenezaji wa mashine, jedwali halisafiri, kwa hiyo hatari ni ndogo. Matatizo huanza data inapohama.

Jedwali linapotea njiani

Data inahama sana, hasa kwetu. Wengi wetu hatuna mashine ya MRI chumba cha pili. Tunapakua data zilizopigwa nchi nyingine, na mtu aliyezipiga hatumjui. Kati yake na sisi zimepita programu tatu au nne, na kila moja ina desturi yake ya kuhesabu kulia na kushoto.

Mfano ulio wazi ni FSL na MRtrix, programu mbili zinazotumika sana. MRtrix ikiandika jedwali lake lenyewe, linakuwa na safuwima nne, na mielekeo inahesabiwa kwa mihimili ya mashine: dunia halisi, bila kujali picha imehifadhiwaje. Faili la bvec la mtindo wa FSL linahesabu kwa mihimili ya picha yenyewe. Tena kuna nyongeza: picha ikiwa imehifadhiwa kwa mpangilio fulani wa kulia–kushoto, ule ambao ditaminanti ya matriki yake ni chanya, basi alama ya x inageuzwa. Si upuuzi, ina sababu zake za kihistoria, lakini matokeo yake yanashangaza. Tuseme umegeuza mpangilio wa picha mbele–nyuma, ukawa makini, ukakumbuka kugeuza mstari wa y kwenye bvec. Bado umekosea! Kwa kugeuza mhimili mmoja umebadilisha pia alama ya ditaminanti, kwa hiyo x nayo ilitakiwa igeuke.

Ushauri wangu hapo ni rahisi: usigeuze kwa mkono kama unaweza kuepuka. Programu ya dcm2niix, inayobadilisha picha za mashine kuwa faili za NIfTI, huandika bvec kwa mtindo wa FSL na kushughulikia mageuzi hayo yenyewe. Ukiingiza picha na jedwali kwenye MRtrix kwa pamoja, jedwali huhifadhiwa ndani ya faili la picha na linasafiri nalo. Tatizo kubwa ni programu zinazogeuza picha peke yake bila kujua kwamba kuna jedwali pembeni.

Chanzo cha pili ni kichwa cha mgonjwa. Kipimo kinaweza kuchukua dakika kumi, na mtu hawezi kukaa kama jiwe dakika kumi. Akigeuza kichwa digrii 5, programu ya kusahihisha mwendo inaizungusha picha hiyo irudi kwenye mstari na zingine. Lakini gradienti haikuzunguka na kichwa; ilibaki kwenye mashine. Ukiizungusha picha, lazima uuzungushe mshale wake kwa kiasi kilekile. Leemans na Jones waliandika jambo hili wazi mwaka 2009. Zana ya zamani ya FSL, eddy_correct, haikuwa inafanya hivyo. Ile mpya, eddy, inakutolea faili jipya ambalo jina lake linaishia na eddy_rotated_bvecs. Hilo ndilo la kutumia kuanzia hapo. Inatokea mara nyingi mno mtu akasahihisha mwendo vizuri, kisha hatua inayofuata akaita bvec ya zamani kwa mazoea. Kichwa kikisogea tu bila kuzunguka, hakuna cha kurekebisha.

Cha tatu ni picha zilizopigwa kwa mshazari. Mara nyingi fundi huinamisha vipande vya picha kidogo ili vifuate umbo la ubongo au vikwepe macho. Tuseme ameinamisha digrii 15. Mielekeo ikiwa imeandikwa kwa mihimili ya mashine, na programu yako ikadhani ni ya picha, basi kila mshale umepotoka digrii 15. Hapa hakuna alama iliyogeuka wala mistari iliyobadilishana. Ni mzunguko mdogo, na ndio mgumu kuuona kwa macho.

Namna ya kukagua

Kwanza hesabu. Picha zikiwa 65, bvec iwe na safuwima 65 na bval namba 65. Inasikika kama jambo la mtoto wa chekechea, lakini mashine nyingine huongeza mwishoni picha ya wastani iliyokwisha kukokotolewa, na mtu akiifuta bila kufuta safuwima yake, au kinyume chake, hesabu inavunjika. Picha ikifutwa katikati ni balaa zaidi, maana kuanzia hapo kila picha inasoma mshale wa jirani yake.

Pili, na hii ndiyo ningekuomba usiiruke: chora vijiti. Kila programu ya fani hii inaweza kuonyesha, juu ya ramani ya FA, kijiti kidogo katika kila vokseli kikielekea upande ambao yai limelala. Acha rangi, tazama vijiti. Nenda sehemu ya mbele ya korpasi kalosamu kwenye kipande cha mlalo, pale nyuzi zinapojipinda kama upinde kuelekea paji la uso pande zote mbili. Vijiti vinatakiwa kuufuata upinde, kimoja kikimpokeza mwenzake, kama samaki katika kundi. Kama vinaukatiza upinde, vimesimama kama miiba ya nungunungu, jedwali lina kasoro.

Usiishie kwenye kipande kimoja. Alama iliyogeuka inaharibu maeneo mawili ya kukata na kuliacha la tatu likiwa safi kabisa. Ikigeuka x, vipande vya mlalo na vya mbele (vile vinavyoukata ubongo kutoka sikio hadi sikio) vinaharibika, vya ubavuni vinabaki vizuri. Ikigeuka y, mlalo na ubavu vinaharibika. Ikigeuka z, ubavu na mbele vinaharibika, huku mlalo ukiwa sawa. Tafakari hilo: mlalo ndio kipande ambacho karibu kila mtu hukifungua kwanza, na wengi hukifungua pekee. Mwenye z iliyogeuka ataangalia, ataridhika, ataendelea. Faida yake ni kwamba ukiangalia vyote vitatu, kile kilichobaki safi kinakuambia mhimili gani una tatizo.

Tatu, kuna zana za kukagua zenyewe. Uwezekano si mwingi: mistari mitatu inaweza kupangwa kwa njia 6, na alama zake kwa njia 8, jumla 48. Lakini tulishaona uwanjani kwamba kugeuza alama zote tatu kwa pamoja hakubadilishi kitu, kwa hiyo nusu yake ni marudio. Zinabaki 24. Amri ya dwigradcheck ya MRtrix inajaribu mipangilio hiyo, kwa kila mmoja inachora njia haraka haraka kwenye ubongo mzima, kisha inapima urefu wake wa wastani. Jedwali sahihi hutoa njia ndefu, kwa sababu vijiti vinapokezana. Jedwali bovu hutoa vipande vipande. Wazo hilo lilichapishwa na Jeurissen na wenzake mwaka 2014. DSI Studio nayo ina ukaguzi wake unaofanana na huo, unaoangalia kama vokseli jirani zinaelekeana.

Zitumie, lakini usizikabidhi akili yako. Zinashindanisha wastani, na wastani wa ubongo wenye uvimbe mkubwa, au wa picha zenye kelele nyingi, unaweza kuwakaribisha wagombea wawili wakawa bega kwa bega. Mshindi akimwacha wa pili mbali, sawa. Wakifuatana kwa karibu, rudi kwenye vijiti. Na kwa ule mzunguko wa digrii 15, mipangilio 24 haitoshi: kati yake hakuna uliozunguka digrii 15. dwigradcheck hujaribu pia kulisoma jedwali kwa mihimili ya mashine na kwa mihimili ya picha, jambo linalosaidia hapo.

Faili la pili nalo

Bval haina hila nyingi, ila mbili zinafaa kutajwa. Data za Human Connectome Project, ambazo wanafunzi wengi huanzia nazo, zina b za 1000, 2000 na 3000, na zile picha "zisizo na gradienti" zimeandikwa b ya 5. Programu inayotafuta sifuri halisi haitaona hata moja. Kwa kawaida kuna mahali pa kuweka kiwango, kwamba chochote chini ya 50, kwa mfano, kihesabiwe kama sifuri.

Hila ya pili inahusu urefu wa mshale. Kwa desturi kila mshale una urefu wa 1. Lakini kuna mashine zinazopimwa b kadhaa kwa ujanja: unaweka b kubwa kabisa, tuseme 3000, halafu unafupisha mshale ili gradienti ipungue. Kwa kuwa nguvu ya gradienti inaingia kwenye b kwa mraba, mshale wa urefu wa 0.577 unatoa theluthi moja, yaani b ya 1000. Sasa kama bval inasema 3000 kwa picha zote, na programu yako inarefusha kila mshale uwe 1 kabla ya kukokotoa, basi picha za b 1000 zimehesabiwa kama za 3000, na kasi ya mtawanyiko inatoka theluthi moja ya ilivyo. MRtrix ina chaguo la bvalue_scaling kwa ajili ya hili hasa. Hapa kwa bahati nzuri ramani hazinyamazi: maji ya kwenye mashimo ya katikati ya ubongo yanajulikana, yako karibu na 0.003 mm² kwa sekunde. Weka kishale cha kipanya chako pale kwenye ramani ya wastani wa mtawanyiko na usome namba. Ukisoma 0.001, umeshajua pa kuanzia.

Na ukimaliza, unapoandika sehemu ya mbinu au unapoweka data mahali wengine watakapoipakua, taja programu iliyobadilisha picha na toleo lake, taja bvec iliyotumika kama ni ile iliyozungushwa au ya awali, na uweke picha moja ya vijiti kwa vipande vyote vitatu. Mpangilio wa BIDS, unaotumika kushirikisha data hizi, tayari unataka bvec iwe ya mtindo wa FSL. Anayepakua atafungua picha ile ya vijiti na kuhakiki kwa sekunde kumi.